Makaburi Saba ya Hail

Hail, Muskati
Jumapili, 3 Novemba 2024

Kwa Katibu wa Mfuko wa Menashe, Nairobi

Assalamu alaykum, au niseme habari zako, maana sijui nnamwandikia nani.

Mie ni Nasriya bint Ishaq, mjane wa Saeed, yule aliyekuwa akikutunzieni makaburi yenu saba ya Kiyahudi hapa Hail, nyuma ya nyumba yetu, upande wa pwani. Miaka thalathini mmeandikiana naye. Alifariki Ramadhani iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kabla hajakata roho alinitia mkononi ufunguo wa mlango wa ukuta, akanifumba vidole. Nikakaa eda yangu, nimetoka, na sasa ufunguo nnauvaa shingoni ndani ya nguo, kwa sababu nikiuweka penginepo nitaupoteza, najijua.

Nnaandika kwa Kiswahili. Nimezaliwa Unguja, na barua zenu za Kiingereza alikuwa akizisoma marehemu. Mie nikiziangalia nnaona kama karatasi iliyomo ndani ya kisanduku cha dawa. Kama hapo ofisini hakuna anayejua Kiswahili, basi Nairobi imebadilika sana.

Jambo lenyewe ni hili. Makaburi yenu yanapigwa mawe. Kila Ijumaa asubuhi huingia nikafagia, nikaondoa mawe yaliyo juu yake, madogo ya kuenea kiganjani. Ijumaa ya pili yake yapo tena. Ukuta ni mrefu kuliko mtu aliyepanda juu ya kiti, na mlango haufunguki ila kwa ufunguo wangu. Mnajua dunia ilivyo siku hizi. Hapa kila magharibi tunaangalia habari za Gaza mpaka chakula hakishuki, na watu wana hasira, na mie nnayo yangu. Lakini hawa saba wamelala hapa tangu babu yangu hajazaliwa. Wana kosa gani? Nnaona haya. Marehemu kaniachia amana na mie nimeshindwa kuilinda hata mwaka mmoja.

Niambieni nifanye nini. Polisi sijawaambia. Barua hii nnaipeleka duka la kopi sokoni Sib, waitume kwa kompyuta yao.

Bi Nasriya bint Ishaq


Nairobi
11 Novemba 2024

Mpendwa Bi Nasriya,

Pole sana kwa msiba. Barua za marehemu zinajaza jalada zima hapa, na mwandiko wake naujua kama wa mwalimu wangu wa shule. Sikujua kwamba ametutoka.

Mimi ni katibu wa Mfuko tangu mwaka 2019. Jina langu ni Kaweesi, kwetu ni Uganda, ila Nairobi nimekaa miaka kumi na minane, kwa hiyo nitakujibu kwa Kiswahili, kikikwaruza utanisamehe.

Nimewasomea wadhamini barua yako. Ni wazee watano, wote wameshapita sabini. Babu zao walikuwa wafanyabiashara, wengine walipitia Muskati, na aliyeanzisha Mfuko aliacha wosia wa mstari mmoja: wafu wetu wasiachwe peke yao. Kwa kadiri tunavyojua, Myahudi wa mwisho aliondoka upande huo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wadhamini wamekushukuru, lakini lazima nikuambie ukweli. Mkutano wa Februari utaamua kama kazi ya Hail iendelee. Wapo wanaosema hisani ya wafu ingefaa zaidi kwa walio hai, kwa shule na matangi ya maji, kama lile walilojenga karibu na Mbale kwa watu wanaosali kama wao.

Kabla ya hapo naomba unijibu maswali matatu. Je, mawe yanaonekana yametupwa au yamewekwa? Yako upande gani wa kaburi? Na ni siku gani hasa yanapofika? Polisi tafadhali usiende kwanza.

Wako,
Kaweesi
Katibu


Hail
Jumapili, 24 Novemba 2024

Bwana Kaweesi,

Kiswahili chako hakikwaruzi, kina vumbi la bara tu. Nimefurahi.

Nimefanya ulivyoniuliza. Ijumaa nilifagia makaburi, kisha nikapitisha fagio la chelewa juu ya mchanga wote, kutoka ukutani mpaka mlangoni, ukabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Nikafunga. Jumamosi alasiri nikachungulia kwenye ufa wa mlango, hakuna kitu. Jana magharibi nilikuwa barazani nnasali, nnauona ule mlango. Hakupita mtu.

Leo baada ya alfajiri nimefungua. Mawe saba. Kila kaburi na jiwe lake, upande wa kichwa, jiwe laini la pwani. Hakuna lililopata mawili wala lililokosa. Hayakutupwa, Bwana Kaweesi, yamewekwa, tena kwa adabu. Na mistari yangu ya fagio ilikuwa vilevile, haina hata alama ya kidole cha mguu.

Nilimwambia jirani yangu Khattab. Akaniangalia vile watu wanavyomwangalia mjane, akaniuliza kama usiku nnalala vizuri. Sijamwambia tena.

Hapa nyumbani nipo na msichana mmoja tu, Nabaggala, Mganda kama weye. Binti yangu Noof aliniletea mwezi wa sita nilipokuwa edani, nisikae peke yangu. Mkimya, kazi anajua, chakula anakula cha ndege. Ni Mkristo, na kwa kuwa hapa makanisa yanasali Ijumaa, siku hiyo nimempa yeye, aende na Waganda wenzake. Alipofika aliniomba Jumamosi badala yake. Nikakataa, nikajua ana mtu wake. Jumamosi ni siku ya kufua. Nilipomuuliza kuhusu mawe alisema hajui, lakini bakuli lilimdondoka.

Kama watu wako wana mzaha, niambie. Nna umri wa miaka sitini na tisa, moyo wangu haupendi mizaha ya makaburini.

Bi Nasriya


Nairobi
2 Desemba 2024

Mpendwa Bi Nasriya,

Hakuna mzaha, na hakuna anayewatukana wafu wetu. Hili ni kosa langu, ningekueleza mapema. Hatuweki maua makaburini. Tunaweka jiwe. Ni salamu, ni kumwambia aliyelala: nimefika, sijakusahau. Jumamosi yenyewe haifai kwa kazi hiyo, ndiyo maana huwekwa jua likishazama. Kwa hiyo ulichokuwa unafagia kila Ijumaa ilikuwa salamu. Usijilaumu, ungejuaje?

Sasa nakuomba ukae chini ndipo uendelee kusoma.

Nimefungua jalada la zamani nikatafuta ni nani angeweza kujua desturi hii huko Hail. Nimekuta barua ya mwezi wa tatu 1995. Nakunakilia alivyoandika, nimeifasiri kutoka Kiingereza:

"Nimeanza kama mlivyoniagiza. Kila Jumamosi, jua likishazama, naweka jiwe moja upande wa kichwa wa kila kaburi. Nayaokota mwenyewe pwani. Mke wangu sijamwambia, atasema nimebadili dini. Kazi hii naipenda na sitaiacha. Saeed."

Mtu pekee huko aliyekuwa akiweka mawe hayo alikuwa mume wako.

Sina maelezo mengine, Bi Nasriya. Nimeisoma barua yako ya mistari ya fagio mara nne. Tafadhali usiyafagie tena.

Kaweesi


Hail
Jumapili, 15 Desemba 2024

Bwana Kaweesi,

Nilikaa kama ulivyosema, na vyema nilikaa.

Miaka thalathini nilidhani anakwenda kule kuvuta sigara. Nilikuwa nikimtania, nikimwambia nenda kwa wake wenzangu saba, wasikungoje. Alikuwa akicheka. Nimelia siku mbili, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Kwa nini asiniambie? Ningemsema, ndiyo, lakini ningemsaidia kuokota.

Sifagii tena. Kila kaburi sasa lina mawe matatu. Yanaongezeka moja kila wiki, na mie nimeacha kuchungulia. Jumamosi ikifika magharibi nnafunga madirisha ya nyuma nnawasha redio.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Ijumaa mbili zilizopita, jua linapotua, nimesikia kuimba. Sauti ya mwanamke, upande wa ukuta. Si Kiarabu, si Kiswahili, na anajigongea kama mtu anayepiga ndoo kwa vidole. Wimbo unapanda, unapanda, kisha unashuka ghafla kana kwamba aliyeimba ameketi. Nikashika ufunguo nikaenda, nikafungua. Hakuna mtu. Wapo saba tu, kimya.

Jana nimeingia chumbani kwa Nabaggala kutafuta shuka. Kwenye kizingiti cha dirisha kuna alama mbili za masizi, za mviringo, moja karibu na nyingine, na harufu ya utambi. Anachoma nini? Anamwita nani? Ijumaa hizo zote mbili alikuwa nje, na nilipompigia simu mwenzake wa kanisani, akaniambia Nabaggala hajawahi kukanyaga kanisani hata mara moja.

Nasema kweli, nnaogopa. Ijumaa inayokuja nitamrudisha kwa wakala aliyemleta. Nimeshafiwa, sitaki na uchawi juu yake.

Na weye, mbona ulianza kwa kuandika "wao", sasa waandika "tunaweka jiwe"?

Nasriya


Nairobi
17 Desemba 2024

Mama Nasriya,

Naandika haraka, leo leo. Usimrudishe msichana huyo. Nakuomba kama mtoto wako.

Muulize kwao ni wapi. Akikuambia ni upande wa Mbale, muulize Jumamosi kwao watu hufanya nini. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu, na umwambie hakuna atakayemdhuru. Kisha niandikie.

Wimbo huo naujua.

Kaweesi


Muskati, hospitalini
Jumanne, 21 Januari 2025

Mwanangu Kaweesi,

Barua yako nilichelewa kuiona. Nilikwenda Sib siku tano baadaye, na katikati ya siku hizo nilishafanya langu.

Ijumaa ile nilimfungia begi lake nikaliweka mlangoni. Nikampigia wakala. Nabaggala hakulia wala hakubisha, aliniomba tu amalize kuanika nguo. Alipoinama kuchukua begi akaanguka, uso ukapiga sakafu. Hospitali wakasema figo zimekwisha, zote mbili, tena kitambo. Miguu ilikuwa imemvimba tangu mwezi wa tisa, akawa anavaa soksi ili nisione. Alidhani nikijua anaumwa nitamrudisha. Na kweli ningemrudisha. Nnakuandikia hivyo ili ujue nnayekwandikia ni mtu gani.

Sikwenda mbali naye tangu hapo. Usiku Noof, mchana mie. Wanamsafisha damu kwa mashine, lakini daktari ameniita nje akaniambia moyo nao umechoka, na ndege hawezi kupanda. Wiki iliyopita nikamuuliza maswali yako. Akauliza: "Nani amekuambia uniulize hivyo, Mama?" Nikamtajia jina lako. Akasema anataka kukuandikia na mkono hauna nguvu. Basi mkono ni wangu, maneno ni yake. Sikupunguza kitu.

*

Katibu, shalom.

Jina lako ni la kwetu. Wewe ni mtu wa nani?

Mimi ni Nabaggala, natoka karibu na Mbale, kwa Wayahudi wa pale mlimani. Nyanya yangu alishika Sabato wakati ambapo watu walikuwa wanafungwa kwa kuishika. Nilipokuwa mdogo walikuja marabi kutoka Amerika, wakatuuliza maswali, wakatutumbukiza kwenye maji, tukapewa vyeti vya Uyahudi. Changu kiko kwa shangazi, ndani ya Biblia. Wakala wa Kampala aliniambia andika Mkristo, ukienda Uarabuni usitutie matatani. Nikaandika. Kila mahali karatasi zangu zinasema Mkristo. Niliona ni kitu kidogo, miaka miwili tu.

Mama alinipa Ijumaa, akadhani amenisaidia. Sikuweza kumwambia. Ijumaa jua likikaribia kutua nilikuwa narudi kwa njia ya pwani, nakaa nje ya ule ukuta, naimba wimbo wa kukaribisha Sabato. Nilikuwa nimeona herufi zetu kwenye mawe, siku ya kwanza, mlango ulipokuwa wazi. Nilikaa chini nikalia. Nimetoka Mbale mpaka huku, nakuta watu wa kwetu wamelala nyuma ya jiko. Kisha nawasha mishumaa miwili chumbani. Jumamosi nafua. Mungu anajua.

Mawe si yangu. Mama ameniuliza tena leo. Sijawahi kuwa na ufunguo. Mimi nilijua ni ya yule mzee. Jumamosi nikianua nguo, jua likishazama, nilikuwa namwona anaingia pale. Mzee mwembamba, kofia ya kijani, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, mkono umejaa mawe. Mara moja alinisalimia kwa kichwa. Nilidhani ni mtu anayelipwa kufanya usafi. Sikumtaja kwa sababu niliogopa atafukuzwa kazi.

Ninachoomba ni hiki. Hawanifichi, najua hali yangu. Mama yangu alishakufa, na kurudisha maiti ni kuchangisha kijiji kizima. Hapa kwenye makaratasi mimi ni Mkristo, nitazikwa na Wakristo. Sina ubaya nao. Lakini sitaki kulala milele chini ya uwongo nilioandika kwa sababu ya kazi. Pale ndani ya ukuta, kwenye kona, kuna nafasi. Waombe wenye Mfuko wanikubali. Waambie sitahitaji kitu kingine.

Nabaggala

*

Kaweesi, ni mie tena. Saeed alikuwa na kofia moja tu ya kijani. Mie mwenyewe niliitoa kwa masikini, kwa mkono wangu, siku ya arubaini. Bega la kushoto alivunjika akiwa kijana. Picha yake ndani ya nyumba sijaweka hata moja, na msichana huyu alikuja miezi miwili baada ya kumzika. Nilimwambia arudie sehemu ile, akairudia vilevile.

Nimeuliza ofisi inayohusika na maziko. Kijana mmoja, Bader, ameniambia: pale si makaburi ya serikali, kwa hiyo azikwe pale ikiwa tu jamii yenyewe itaandika kwamba huyu ni mtu wao. Ni barua moja tu inayotakiwa. Fanya hima.

Nasriya


Nairobi
3 Februari 2025

Bi Nasriya bint Ishaq,

Kuhusu ombi la marehemu mtarajiwa kuzikwa katika eneo la Hail.

Wadhamini wa Mfuko wa Menashe walikutana jana. Wamesikitishwa na hali ya msichana huyo na wameidhinisha msaada wa matibabu. Hata hivyo, kwa kuwa uongofu wa jamii yake haukubaliwi na mamlaka za kidini wanazozifuata, hawawezi kuthibitisha kwamba yeye ni Myahudi, na kwa hiyo ombi la kaburi limekataliwa.

Katibu


Nairobi
3 Februari 2025, jioni

Mama,

Barua ya kwanza niliandika kwa sababu ndiyo kazi yangu, na aliyesema "marehemu mtarajiwa" ni mwenyekiti, si mimi. Hii ya pili naandika kwa sababu sijalala.

Uliniuliza "wao" na "sisi". Nabaggala ameniuliza mimi ni mtu wa nani. Nilikaa kimya kwa wote wawili, na nimeona aibu. Mimi ni wa mlima uleule. Nyanya yake nilimfahamu, alikuwa akitupa ndizi baada ya sala. Wadhamini wanajua nilikotoka, wananiita rafiki wa jamii. Sala yetu ya pamoja hutaka wanaume kumi wa Kiyahudi; siku wanapokutana wakawa tisa, huniomba nisimame barabarani nimngoje wa kumi. Nimesimama barabarani miaka mitano, Mama. Sikuwahi kusema neno, kwa kuwa mshahara ulikuwa mzuri na wao si watu wabaya. Tangi la maji pale kijijini ni lao kweli. Watu wa kwetu wanakunywa maji yake. Walikuja kulizindua, wakapiga picha na watoto, wakatuita ndugu zetu wa Afrika mpaka machozi yakawatoka. Ndugu wa kujengewa tangi tumekuwa. Leo mmoja anaomba kulala karibu na ndugu zake, wanauliza mamlaka.

Niliposimama mkutanoni nikasema huyu ni wetu, mwenyekiti alinishika mkono kwa upole akasema, "Kaweesi, si sisi tunaokataa." Sijui basi ni nani anayekataa.

Nimeambatanisha barua kwa Bader. Inasema kwamba Nabaggala ni Myahudi, binti wa Wayahudi, na kwamba jamii yake inaridhia azikwe Hail. Nimeisaini kwa jina langu na la kijiji changu, na mzee wetu wa sala kule Mbale ameisaini pia. Haina muhuri wa Mfuko. Kazi nitaipoteza kesho, nimeshakusanya vitu vyangu kwenye mfuko wa sokoni.

Wakati ukifika, aoshwe na wanawake, maji yamwagwe bila kukatika. Sanda nyeupe, ya kawaida, isiyo na mifuko wala mafundo. Asivalishwe dhahabu. Udongo kidogo chini ya kichwa. Na asiachwe peke yake hata dakika moja mpaka afukiwe.

Mwambie nyanya yake alinipa ndizi.

Kaweesi


Hail
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Kaweesi,

Nilimwambia. Alicheka, akasema nyanya yake alikuwa bahili, basi huenda alikupenda. Hayo yalikuwa Jumatano. Alhamisi alasiri akafariki, nimemshika mkono, Noof yuko upande wa pili. Hakuhangaika.

Bader alisoma barua yako mara mbili. Akauliza muhuri uko wapi. Nikamwambia aliyeiandika ameuacha muhuri na kazi yake pamoja, na kama anataka muhuri anipige mie usoni. Akafungua mtoto wa meza. Kisha akatoa fomu, akaliangalia lile neno "Mkristo" lililoandikwa na wakala, akalikata kwa kalamu, mstari mmoja, akaandika juu yake kwa Kiarabu: Myahudi. Nikamtajia jina lake lote na la baba yake, akaandika. Yamekwisha hayo. Hakuna wa kuyafuta.

Tulimwosha sisi, mie na Noof na jirani yangu Mahbuba, ambaye kwanza alisita, kisha akakunja mikono ya kanzu. Nilisoma maagizo yako kwa sauti. Mahbuba akasema, mbona ni yetu haya haya. Maji hayakukatika. Sikumwacha usiku kucha. Nilikaa naye nikamsomea nnachokijua, na alfajiri nikajaribu kuimba ule wimbo wake, unaopanda kisha unashuka. Nimeharibu, lakini nimeimba.

Sanda ilikuwa fupi. Nabaggala alikuwa mrefu, mrefu sana, alikuwa akiinama kila mlango wa nyumba hii, na pale kitandani miguu ilimpita. Noof akaenda Sib kununua kitambaa kingine, tukaanza upya. Wasiwasi ukanishika: kona ile ni ndogo, kati ya kaburi la saba na ukuta. Nikampa Khattab uzi niliompimia, nikamwambia chimba kwa uzi huu, na kama ukuta unazuia, vunja ukuta.

Ijumaa asubuhi Khattab na wafanyakazi wake wawili wakaanza kuchimba. Hawajafika magotini, jembe likalia kwenye jiwe. Khattab akatoka shimoni. Akaniita. Chini ya mchanga kulikuwa na mabamba, yamelazwa bega kwa bega, yamezibwa kwa chokaa ya kizamani, namna ileile ya makaburi mengine saba. Nikasema basi yumo mtu, fukieni, tumekosa. Bader, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akaamuru bamba moja liinuliwe.

Hapakuwa na mtu. Kaburi limejengwa pande zote, sakafu ya mchanga safi, halijalaliwa kamwe. Wazee wale walijenga manane na wakatumia saba. Khattab alishuka na taa akatafuta hata mfupa mmoja, hata uzi wa nguo. Hakuna. Akauchukua uzi wangu akaunyoosha ndani, kutoka jiwe la kichwa mpaka jiwe la miguu. Akaniangalia, akaunyoosha tena.

Yale saba yote ni mafupi. Watu wa zamani hawakuwa warefu.

Nilichukua udongo kwa mkono wangu nikamwekea chini ya kichwa. Wakamteremsha kabla ya adhuhuri, Khattab kichwani, Bader miguuni. Waambie wadhamini wako, au usiwaambie, mie silazimishi mtu. Walikuwa wakimjengea nani, miaka mia na hamsini nyuma, mie sijui, na aliyejua, Saeed, nimemzika mwezi wa Ramadhani. Hatukuongeza hapo na hatukupunguza. Kaburi lilimwenea.

Mama yako,
Nasriya